Gati Linaloelea ni la Nani? Mwalo, Usalama na Haki ya Kufika Majini

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa parokia za kandokando ya Ziwa Viktoria



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo, likisikika kwa mara ya kwanza, laweza kuonekana kuwa la mafundi na wahandisi tu. Ni magati yanayoelea, yaani majukwaa yanayokaa juu ya maji, ambako mitumbwi, boti ndogo, na siku hizi hata pikipiki za majini, hufungwa ili watu wapande na kushuka. Baadhi yenu mmekwisha kuyaona mbele ya hoteli. Wengine mmesikia kwamba mwalo wenu utajengewa gati. Wengine mnafikiria kujijengea wenyewe. Sikuja kuwafundisha useremala. Nataka tutazame kwa pamoja maswali matatu: kwa nini gati la namna hii linahitajika katika ziwa letu, linafanyaje kazi na linaharibiwa na nini, na, swali lililo kiini cha kazi ya Tume yetu, likishajengwa, nani atafaidika na nani ataondolewa.

1. Hatari iliyo kati ya maji na nchi kavu

Mtu asiyeishi kandokando ya ziwa hudhani kwamba hatari yote iko katikati ya maji, penye kina na mawimbi. Ninyi mnajua kwamba sivyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza umbali mfupi tu kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Na ndugu zetu wa Kongo waliyaona yayo hayo katika Ziwa Kivu tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea katika bandari ndogo ya Kituku, mjini Goma. Makumi ya watu walikufa hapo.

Sisemi kwamba gati zuri lingaliwaokoa watu hao. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hakiokolewi na gati. Nasema kwamba dakika za kukaribia nchi kavu ni dakika zenye hatari ya pekee. Watu husimama, hushika mizigo yao, husogea upande mmoja ili wawe wa kwanza kushuka, na chombo hupoteza mizani. Mahali pa kushukia pakiwa pabaya, haraka hiyo huongezeka.

Tena liko jambo la kila siku ambalo haliandikwi magazetini. Katika mialo mingi ya ziwa letu hakuna gati la namna yoyote. Mtumbwi husimama pale unapogusa mchanga au matope, na msafiri hushuka majini. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa kichwani hutembea katika maji yanayomfika kiunoni. Mgonjwa anayepelekwa hospitali hubebwa na watu wanne wanaoteleza juu ya mawe. Mzee hubebwa mgongoni na kijana kwa malipo. Mjamzito aliyeanza kuumwa uchungu usiku hupandishwa katika chombo kinachoyumba, kwa mwanga wa tochi ya simu. Tumeyazoea mambo haya hata tunayaona kuwa ni hali ya asili ya maisha ya kisiwani. Lakini si asili. Ni upungufu, na upungufu unaweza kutibiwa.

Kuna na ugonjwa. Maji ya kina kifupi yenye majani, karibu na ukingo, ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo. Vijidudu vidogo hutoka katika konokono hao na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hapana haja ya kunywa maji hayo ili kuambukizwa. Mchuuzi anayeingia majini kila alfajiri kupokea samaki hujiweka katika hatari kila alfajiri. Dawa ya prazikuanteli huwaua minyoo hao, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Mahali pa kupokelea samaki pakiwa pakavu, mojawapo ya njia za ugonjwa huo hupungua. Nasema mojawapo, kwa sababu mayai ya minyoo hufika ziwani kwa njia ya kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo mwalo wenye gati lakini usio na choo umefanya nusu ya kazi.

2. Ziwa lisilokaa kimo kimoja

Mtu ataniuliza: Baba, kwa nini tusijenge gati la zege, lililo imara, tukamaliza? Jibu limo katika historia ya ziwa lenyewe.

Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa, Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Wazee watawaonyesha mahali palipokuwa na mashamba na nyumba kabla ya hapo. Mwaka 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa wingi wa maji yaliyopitishwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja, huko Uganda. Mitumbwi ikabaki matopeni, na magati yaliyojengwa kwa kimo cha zamani yakasimama hewani. Kisha mvua zikarudi. Mwezi Mei 2020 maji yalifikia kimo kilichoipita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena kuliko hapo. Mialo ikafunikwa, vyoo vikazama, mabanda ya kukaangia samaki yakahamishwa. Kati ya kimo cha chini cha mwaka 2006 na vilele hivyo vya karibuni, tofauti yakaribia mita 3. Katika miaka hiyo hiyo Ziwa Tanganyika nalo lilipanda na kuwafukuza watu majumbani mwao huko Gatumba, karibu na Bujumbura.

Fikirini maana yake kwa mwalo wa kawaida. Pale ambapo ukingo umeinama kidogo kidogo, tuseme mita 1 ya kushuka kwa kila mita 50 za kwenda mbele, maji yakishuka mita 1 tu ukingo huhama mita 50. Yakipanda mita 1, huingia mita 50 katika kijiji. Gati la zege haliwezi kuyafuata. Likijengwa kwa kimo cha mwaka wa mvua, mwaka wa ukame litakuwa ukuta mrefu usiofikiwa na chombo. Likijengwa kwa kimo cha mwaka wa ukame, mwaka wa mvua litakuwa mwamba uliofichika, wenye kutoboa mitumbwi.

Ndugu zetu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanalijua jambo hili kwa namna nyingine. Kwao maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti huko Unguja hufikia karibu mita 4. Bahari hufanya kwa saa sita yale ambayo ziwa letu huyafanya kwa miaka. Katika hali zote mbili, gati linalopanda na kushuka pamoja na maji humpa msafiri kimo kile kile cha kukanyagia, maji yawe mengi au machache.

3. Linavyoelea

Kanuni yake ni ya zamani sana, nayo aliieleza Arkimede wa Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi pipa la plastiki la lita 200, lililofungwa vizuri, likizamishwa lote husukumwa juu kwa nguvu ya kubeba kilo 200, pamoja na uzito wa pipa lenyewe.

Tufanye hesabu, maana kiongozi asiyejua hesabu hudanganywa na kila mkandarasi. Tuchukue jukwaa la mbao lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, lililowekwa juu ya mapipa 24, kwa safu tatu za mapipa manane. Uwezo wote ni kilo 4,800. Ondoeni uzito wa mapipa, yapata kilo 240. Ondoeni mbao, boriti na misumari. Tukadirie kilo 1,200. Zinabaki kilo 3,360. Je, tuwapandishe watu wa uzito huo wote? Hapana. Kwa uwezo huo wote jukwaa litakuwa limekaa sawasawa na uso wa maji, na wimbi la kwanza litapita juu yake. Tena watu hawasimami kwa kujigawa sawa. Chombo kikifika, wote hukimbilia upande kilikofika. Kwa hiyo nusu tu ya uwezo uliobaki ndiyo itumike, yaani kilo 1,680. Kwa mtu wa kilo 75, hao ni watu 22. Idadi hiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ubao, mwanzoni mwa gati, na awepo mtu wa kuisimamia.

Upana nao una maana. Jukwaa jembamba hupinduka kwa urahisi kama mtumbwi. Mapipa yakae pembeni na katikati, yasirundikwe katikati pekee. Yawe mapipa ambayo hayakubeba sumu wala kemikali. Waliojaliwa fedha zaidi hutumia vyelezo vya plastiki ngumu vilivyotengenezwa kiwandani, ambavyo huunganishwa kimoja na kingine kama matofali. Vingine hujazwa povu gumu ndani ili vikitoboka visizame. Lakini povu hilo lisiachwe wazi majini. Hupukutika na kuwa chembe nyeupe, nazo huelea mpaka zinapoingia matumboni mwa samaki na ndege.

Kwa boti zenye injini, gati huwekewa vigingi vya kufungia kamba na tairi kuukuu za kuzuia mgongano. Kwa pikipiki za majini hutengenezwa kipande cha pekee, kilicho chini na chenye mfereji katikati: mwendeshaji hukijia polepole, chombo hupanda juu yake na kukaa nje ya maji. Ni ufundi mzuri, maana chombo kisichokaa majini hakioti ukoga wala hakipigwi na mawimbi usiku kucha. Mwenye mtumbwi mdogo wa mbao angeweza kunufaika na wazo hilo hilo.

4. Mambo yanayoliua gati

Gati linaloelea lina adui wanne, nao ni vizuri mwafahamu kabla ya kuchanga hata shilingi moja.

Adui wa kwanza ni dhoruba. Gati la namna hii lapendelea ghuba na maji yaliyokingwa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Uingereza na Marekani yalivuta hadi pwani ya Normandy, huko Ufaransa, bandari mbili zilizoundwa kwa vipande, zikiwa na barabara zilizoelea na kupanda na kushuka pamoja na bahari. Ilikuwa Juni 1944. Siku chache tu baadaye, tarehe 19 Juni, ilianza dhoruba iliyodumu siku kadhaa, na bandari ya Wamarekani ikavunjwa vibaya hata haikutumika tena. Ile ya Waingereza, huko Arromanches, ilitengenezwa ikaendelea na kazi kwa miezi. Kama dhoruba ilishinda chuma na uhandisi wa mataifa makubwa, haitashindwa na mapipa yetu. Mwalo uliokabili ziwa wazi, unaopigwa na upepo bila kizuizi, utafutiwe kwanza mahali pa kujikinga.

Adui wa pili ni ufungaji mbaya. Gati hushikwa kwa nguzo zilizokitwa chini ya ziwa, likiwa na pete zinazoteleza juu na chini ya nguzo hizo. Au hushikwa kwa minyororo na nanga nzito. Nguzo zikiwa fupi, mwaka wa maji mengi pete huvuka vichwa vyake na gati hukimbia. Minyororo ikiwa mifupi, maji yakipanda gati huvutwa chini upande mmoja. Anayekuja kujenga aulizwe hivi: umetumia kimo cha mwaka gani? Asipoweza kujibu, asipewe kazi.

Hali ni hiyo hiyo kwa daraja dogo linalounganisha gati na nchi kavu, ambalo hukaa juu ya bawaba ili liiname kwa kadiri ya maji. Likiwa fupi, huwa mwinamo mkali wakati maji yameshuka, na bibi mwenye fimbo hawezi kulipanda. Kwa tofauti ya mita 1 na nusu, daraja la mita 6 huinama mita 1 kwa kila mita 4. La mita 12 huinama mita 1 kwa kila mita 8, nalo mzee huliweza. Kwa kuwa ziwa letu hubadilika polepole, upande wa nchi kavu waweza kuhamishwa kila baada ya misimu michache, mradi lilitengenezwa kwa namna ya kuhamishika.

Adui wa tatu ni magugu maji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mmea huo umelisumbua ziwa letu. Upepo ukilisukuma zulia la magugu hadi kwenye ghuba, huzingira gati na kulielemea. Lazima iwepo zamu ya kuyaondoa.

Adui wa nne ni umeme. Watu wakipata gati hutaka taa, na jambo hilo ni jema. Lakini waya mbovu juu ya maji yasiyo na chumvi ni mauti. Mwili wa binadamu hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo umeme uliovuja humpitia aliyemo majini. Misuli yake hukakamaa, naye huzama kimya. Hapana mtoto wa kuogelea karibu na gati lenye waya wa umeme. Taa ndogo za jua, zenye betri yake juu ya nguzo, zatosha kwa mwalo wa kijiji.

5. Ukingo wa maji ni wa nani?

Sasa nafika penye uzito wa mada yangu. Yote niliyoyasema mpaka hapa mwaweza kuyapata kwa fundi mwaminifu. Swali la haki halijibiwi na fundi.

Tuchukue mfano ambao unaweza kutokea popote kandokando ya ziwa. Anakuja mtu mwenye mtaji. Anaahidi kujenga gati linaloelea, zuri, la kisasa. Kijiji kinashangilia. Mwaka wa kwanza wote wanalitumia. Mwaka wa pili linawekwa lango. Mwaka wa tatu mitumbwi ya dagaa inaambiwa isogee mbali kwa sababu harufu inawakera wageni. Mwaka wa nne pikipiki za majini zinazunguka pale pale ambapo nyavu hutegwa usiku, mawimbi yake yanaigonganisha mitumbwi iliyofungwa, na mvuvi akilalamika anaulizwa: una hati gani? Hakuna risasi iliyopigwa wala mtu aliyeondolewa kwa nguvu. Hata hivyo watu wamenyang'anywa ziwa, na mlango wenyewe waliufungua kwa makofi.

Siwahukumu watalii wala wawekezaji. Mgeni anayependa kutembelea ziwa letu anakaribishwa, na hoteli huleta ajira. Nasema tu kwamba gati ni mlango, na anayeushika mlango anazishika riziki za walio nyuma yake.

Sheria za nchi yetu haziko kimya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila kupata kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingoni shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo. Maana yake ni kwamba hata mtu mwenye hati ya kiwanja cha juu hana ruhusa ya kujifungia ukingo kana kwamba ni ua wa nyumba yake. Vilevile maana yake ni kwamba ninyi wenyewe, mkitaka kujenga, mwanzie kwa wenye mamlaka ya mazingira, ya maji na ya vyombo vya majini. Anayedai haki kwa sheria na aanze kwa kuitii.

Mafundisho ya Kanisa yanakubaliana na jambo hili na kulipa mizizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 69, unafundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 45, alionya kwamba kugeuza sehemu fulani kuwa mali ya watu binafsi kumewazuia wananchi wasifike mahali penye uzuri wa pekee. Yeye alizungumzia uzuri. Kwa mvuvi, mahali hapo ni shamba lake, soko lake na njia yake ya kwenda hospitali. Kama ni kosa kumfungia mtu mandhari, ni kosa kubwa zaidi kumfungia chakula.

6. Msiwasahau wabebaji

Haki haidaiwi kwa tajiri peke yake. Hata gati la kijiji lenyewe laweza kumdhulumu mtu.

Niliwataja vijana wanaowabeba wasafiri na mizigo kutoka mtumbwini hadi nchi kavu. Gati likifika, kazi yao inakwisha siku hiyo hiyo. Wengi ni maskini kuliko wavuvi. Hawana mtumbwi, hawana nyavu, mtaji wao ni migongo yao. Wao huingia majini mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na pengine ndio walioambukizwa kichocho kuliko wote. Je, maendeleo yatawapita tu? Jibu la haki ni kuwaita mezani kabla ya kujenga. Gati linahitaji wa kupokea kamba, wa kuhesabu watu, wa kuondoa magugu, wa kukagua mapipa na kukaza bolti, wa kusaidia wazee na wagonjwa. Nani anayeujua ukingo huo kuliko wao? Wapewe kazi hiyo kwanza, kwa malipo yanayojulikana, na wapatiwe majaketi ya kujiokolea.

Wafikirieni pia akina mama wachuuzi. Mkiweka ushuru mmoja kwa kila anayepita juu ya gati, mwenye boti la sangara atalipa bila kuusikia, na mama wa beseni moja la dagaa atalipa sehemu kubwa ya faida yake ya siku. Ushuru uwe kwa chombo na kwa ukubwa wake. Mgonjwa, mjamzito na mwanafunzi wapite bure.

7. Mambo ya kufanya

Kwanza, jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, nalo liandikwe katika muhtasari. Gati litajengwa kwa fedha za nani, litamilikiwa na nani, na litatumiwa na nani: maneno matatu hayo yaandikwe kabla ya nguzo ya kwanza. Mfadhili akitaka kujenga, mkataba useme wazi kwamba njia ya kupita na nafasi ya mitumbwi ya wenyeji havifungwi, hata umiliki ukibadilika.

Pili, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kile tunachokiita BMU, kiwe na wanawake na wabebaji ndani yake kama wajumbe wenye sauti. Wasiitwe tu wakati wa kupika chai.

Tatu, uwepo mfuko wa matengenezo, na hesabu zake zibandikwe mwaloni kila mwezi, mapato na matumizi. Mbao huoza na bolti hupata kutu. Gati lisilo na mfuko wa matengenezo huanza kuwa mtego siku ya kuzinduliwa.

Nne, panapokuwa na vyombo vya burudani, yawekwe maboya ya kuonyesha mpaka: upande huu pikipiki za majini, upande huu mitumbwi na nyavu. Karibu na gati vyombo vyote viende polepole. Petroli isimwagwe wala kujazwa juu ya gati ambalo watu hupandia.

Tano, idadi ya watu kwenye gati na kwenye chombo iheshimiwe bila kujali nani anasubiri. Kiongozi wa Jumuiya anayelazimisha apakiwe wakati chombo kimejaa, kwa kuwa yeye ni mtu mkubwa, amevunja amri ya tano hata kama chombo kitafika salama.

Ndugu zangu, gati ni kitu kidogo. Halitaondoa umaskini wa visiwa vyetu wala halitarudisha samaki waliopungua. Lakini mama atakayeshuka mkavu, na mtoto wake mkavu, na ndoo yake haikumwagika, ataanza siku yake akiwa na heshima ambayo leo hana. Kijiji kilichojadiliana kwa haki juu ya mbao na mapipa kitakuwa kimejifunza namna ya kujadiliana juu ya shule, juu ya maji ya kunywa, na juu ya mipaka ya ardhi yake. Nawaomba mrudi majumbani mwenu na maswali haya yafuatayo, myazungumze katika Jumuiya zenu kabla ya mkutano wetu ujao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mwalo wetu, ni watu gani huteseka zaidi wakati wa kupanda na kushuka? Je, wamewahi kuulizwa wanahitaji nini?

2. Maji yalifika wapi mwaka 2020 na mwaka 2024? Wazee wanaonyesha alama gani za mwaka 1964? Nani ataziandika?

3. Je, kuna sehemu ya ukingo ambayo zamani tulipita na sasa imefungwa? Ilifungwa kwa uamuzi wa mkutano gani?

4. Gati likijengwa kwetu, nani atapoteza riziki yake, na tumemwandalia nini?

5. Je, mwalo wetu una choo? Kama hauna, tuanze na lipi?